Kwa Nini Jaketi Lililo Chini ya Kiti Halimwokoi Mtu

Asubuhi moja katika mwalo wa Kayenze, kituo cha mitumbwi kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, wakati tukisubiri mtumbwi wa abiria wa kwenda kisiwa cha Bezi, kijana mmoja alianza kugawa majaketi ya kuokolea maisha. Alipomfikia mzee aliyekuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mzee alimrudishia jaketi bila hata kulikunjua. "Wape wageni, mjukuu wangu," alisema. "Mimi nimevua katika ziwa hili tangu baba yako hajaoa, na dumu langu lilinitosha siku zote." Abiria walicheka, kijana naye akacheka, na jaketi likasukumwa chini ya kiti.

Nimeyafikiria maneno ya mzee yule mara nyingi, kwa sababu si ya kipuuzi kama yanavyosikika. Dumu tupu la lita 20, likiwa limezibwa vizuri, husukumwa juu na maji kwa nguvu inayotosha kubeba karibu kilo 19, ilhali jaketi la mtu mzima lenye alama ya newtoni 100 (newtoni ni kipimo cha nguvu) hubeba takriban kilo 10 tu. Kama kazi ya jaketi ingekuwa kuelea peke yake, dumu lingelishinda karibu mara mbili, tena kwa bei ambayo kila nyumba inaimudu. Ili kuona mahali hesabu hiyo inapokosea, inabidi kwanza tueleze mwili wa binadamu unafanya nini ukiwa majini.

Mtu yeyote aliyewahi kuchota maji ziwani anaijua kanuni yenyewe kwa mkono wake. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, huwa nyepesi kiasi cha kuzungushwa kwa vidole viwili; inapoanza kutoka juu ya uso wa maji ndipo uzito wake wote unapomwangukia mchotaji. Maji hukibeba kitu kilichozama kwa kiasi sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni, na hayakibebi hata kidogo kile kilichobaki hewani. Mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana sana na uzito wa maji ya ujazo huo huo, hivyo mtu mzima aliyejaza hewa mapafuni huelea kwa shida, sehemu ndogo ya kichwa ikichungulia, na akiitoa pumzi hiyo mara nyingi huanza kushuka. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano. Ili mdomo na pua vikae juu ya maji wakati wote, lazima uzito huo ubebwe na kitu fulani: ama mikono na miguu inayopiga maji bila kupumzika, ama kitu chepesi kilichofungwa mwilini.

Hapa pana jambo ambalo wageni kutoka pwani hulisahau. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, ni mazito kuliko maji ya Ziwa Victoria kwa takriban asilimia 2.5. Kwa mtu wa kilo 70, tofauti hiyo ni kama kilo moja na robo tatu za kubebwa, ambazo anazipata akiogelea Kigamboni na kuzikosa akiogelea Mwanza. Kijana aliyejifunza kuogelea baharini, akaja kujitosa ziwani karibu na Capri Point, anaweza kujiona mzito ghafla na kudhani amechoka, kumbe ni maji yaliyobadilika.

Sasa mchukulie mtu huyo akiwa ameanguka ziwani bila kutarajia. Tunavyofikiri, atapunga mikono na kupiga kelele. Lakini mkono mmoja wa mtu wa kilo 70 una uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Akiinua yote miwili hewani amejiongezea kilo saba ambazo maji hayambebei tena, na kichwa kinashuka. Anayezama kweli hana pumzi ya kupigia kelele, kwa maana mdomo unaoibuka kwa nukta chache unatumika kuvuta hewa na si kutamka maneno, na mikono hukandamiza maji pembeni badala ya kupunga. Pambano hilo kwa kawaida huchukua kati ya sekunde 20 na 60. Methali isemayo kwamba mfa maji haachi kutapatapa ina ukweli wake katika mambo mengine, lakini majini imewapotosha wengi, kwa kuwa watu hungoja kuona kutapatapa ambako hakutokei, na mtoto hufa maji hatua chache kutoka kwa watu wazima waliomwona akiwa ametulia wakadhani anacheza.

Hapo ndipo tofauti ya dumu na jaketi inapoonekana. Dumu hubeba vizuri mradi mtu amelishika, na kulishika kunahitaji vidole vyenye nguvu, akili iliyo macho na mawimbi yasiyolipokonya. Aliyegongwa kichwa na ubao wa mtumbwi uliopinduka hawezi kulishika. Aliyekaa majini muda wa saa nyingi usiku hatimaye hawezi kulishika pia, kwani maji ya ziwa letu, yenye joto la nyuzi 25 hivi, yanampendeza anayeoga lakini ni baridi kuliko mwili wenye nyuzi 37, na maji huunyang'anya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye nyuzi zile zile. Vidole hufa ganzi, usingizi huja, dumu huondoka na wimbi.

Jaketi halisi limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisaidia. Sehemu kubwa ya kinachoelea imewekwa kifuani na kuzunguka shingo, si mgongoni, ili aliyezimia akianguka kifudifudi maji yenyewe yamgeuze chali. Kanuni za kimataifa za meli zinataka jaketi limgeuze mtu aliyepoteza fahamu, liuinue mdomo wake juu ya maji, na lisipoteze zaidi ya asilimia tano ya uwezo wake hata likiwa limezamishwa kwa saa 24 katika maji yasiyo na chumvi. Fulana nyepesi za newtoni 50, ambazo wengi huzichanganya na jaketi kwa sababu zina rangi na mikanda ile ile, hazina ahadi hiyo. Humsaidia mtu aliye macho, anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kwa hiyo jaketi halishindani na dumu kwa nguvu za kubeba. Linafanya kazi wakati aliyelivaa hawezi tena kufanya kazi yoyote.

Ukikubali hoja hiyo, jingine linafuata lenyewe: kifaa kinachomfaa mtu asiyejiweza hakiwezi kungoja mtu huyo akivae. Kuvaa jaketi ukiwa tayari majini, hata katika maji matulivu, ni kazi ngumu kupita inavyodhaniwa, kwa sababu jaketi hukimbilia juu, mikanda huelea ovyo, na mikono miwili inayohitajika kufunga vifungo ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kukuelesha. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani, ambao huandika ajali za boti za nchi yao kila mwaka, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliokufa maji hawakuwa wamevaa jaketi. Kuwa nalo chomboni na kuwa nalo mwilini ni mambo mawili, ingawa katika ukaguzi mara nyingi huhesabiwa kuwa moja. Nimewahi kusafiri katika mtumbwi ambao majaketi yalivaliwa haraka haraka boti ya doria ilipoonekana kwa mbali, yakavuliwa mara ilipopita, kana kwamba hatari iliyokuwa ikituwinda siku ile ni faini.

Wengine husema jaketi ni la safari ndefu, na kwamba mvuko wa dakika chache hauhitaji taabu hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilikuwa kimetoka Bugorora katika kisiwa cha Ukerewe kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, nacho kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao.

Kuna pingamizi moja ambalo haifai kulipuuza, kwa sababu ni la kweli. Chombo chenye vyumba kikipinduka, aliye ndani na jaketi la sponji husukumwa juu kuelekea kile kilichokuwa sakafu na sasa kimekuwa dari, na kupiga mbizi ili atokee mlangoni kunakuwa kugumu. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kuingia Mwanza kutoka Bukoba, watu wengi walinaswa ndani yake. Waliokufa ni mamia, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilianguka baharini karibu na Komoro, na wapo abiria walioshindwa kutoka kwa sababu walikuwa wamejaza hewa majaketi yao wangali ndani. Funzo la ajali za aina hiyo si kwamba jaketi lisivaliwe. La kujaza hewa hujazwa baada ya kutoka nje, na katika meli au kivuko abiria aliyevaa jaketi anapaswa kupanda kwenye sitaha ya wazi badala ya kujifungia katika chumba cha chini. Katika mtumbwi wa mbao usio na paa, ambao ndio usafiri wa watu wengi wa visiwa vya Kome, Maisome na Irugwa, pingamizi lenyewe halipo, kwa kuwa hakuna dari ya kukunasa.

Hatari yenyewe hutoka wapi, ikiwa ziwa linaonekana limetulia jioni nzima? Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ukubwa unaotosha kujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za kutoka pande za Tanzania, Kenya na Uganda hukutana juu ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu mwingi. Ndiyo maana ngurumo na dhoruba za katikati ya ziwa hushika kasi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Wavuvi wa dagaa, wanaongoja giza la mwezi ili taa zao ziwavute samaki, wako katikati ya ziwa saa zile zile. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na mvuvi mwenye busara huusikiliza kabla ya kusukuma mtumbwi, lakini utabiri hutaja eneo pana, haumtaji mvuvi kwa jina.

Ni rahisi kwa sisi wa mjini kusema kwamba wavuvi ni wakaidi. Kuvuta wavu wa dagaa ni kazi ya mabega na kifua, na jaketi nene la sponji huziba kifua hicho, hunasa nyuzi za wavu, hunyonya shombo na humfanya mtu alowe jasho usiku kucha. Mwenye mtumbwi, anayeitwa tajiri hata akiwa na madeni, hununua wavu, mashine na taa kwa sababu vitu hivyo huleta samaki. Jaketi haliongezi hata ndoo moja ya dagaa, na likiachwa mwaloni huweza kuibwa. Wapo wanaoona kwamba kulivaa ni kujitabiria mabaya. Tena kuna jambo la lugha, ambalo nalitaja nusu kwa utani. Watu wengi wa mialoni huliita jaketi "boya", na vijana wa mjini humwita mtu mshamba, asiyejua kinachoendelea, kwa jina hilo hilo. Kijana wa miaka 19 aliye na wenzake sita mtumbwini hapendi kuwa boya peke yake. Nimeona jambo moja linalolegeza fundo hilo kuliko mahubiri: nahodha akivaa la kwake kwanza, kabla hajawasha mashine, wengine huvaa bila kuambiwa.

Kwa kazi ya wavu yapo majaketi membamba yanayofanana na ukosi au mkanda, yenye kichupa cha gesi inayolijaza jaketi mara likivutwa kamba au likilowa. Huacha mikono huru, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kichupa kikitumika lazima kibadilishwe, na mwiba wa mgongoni mwa sangara unaweza kulitoboa bila mtu kujua, hivyo kwa mtumbwi ulio mbali na duka la vipuri mimi ningechagua la sponji lililokatwa mabega wazi, pamoja na joto lake lote.

Watoto wanahitaji uangalifu wa pekee. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wa mwili ulioandikwa kwenye lebo, wala si kwa umri, na lazima liwe na mkanda unaopita kati ya mapaja. Bila mkanda huo mtoto huteleza chini na jaketi hubaki likielea peke yake. Njia ya kulijaribu ni kulivuta juu kwa mabega yake mawili: likifika masikioni, ni kubwa mno. Akina mama wengi huvuka wakiwa wamembeba mtoto mgongoni kwa kanga, huku wao wamevaa jaketi. Tumeshaona kwamba jaketi zuri humgeuza aliyelivaa awe chali. Mama akigeuzwa chali, aliye mgongoni mwake anakuwa chini ya maji, tena amefungwa. Mtoto na afunguliwe kabla ya kupanda, avalishwe jaketi lake na apakatwe mbele, bila kufungwa kwa mama wala kwa chombo.

Kuhusu ubora, historia yenyewe ina la kutufunza. Katika karne ya 19 waokoaji wa Uingereza walivaa vipande vya magome mepesi ya mti vilivyoshonwa kwenye turubai, na mwanzoni mwa karne ya 20 vikafuatiwa na sufi, ile ile inayojazwa kwenye mito ya kulalia kwetu. Unyoya wa msufi una uwazi ndani na nta kwa nje, na huweza kubeba majini hadi mara 30 ya uzito wake. Ila ukibanwa au ukimwagikiwa mafuta hupoteza uwezo huo. Sponji za leo zimefungwa vishimo vyake ili zisinyonye maji, lakini nazo huchoka kwa jua, na hubonyea zikikaliwa kama mto, jambo ambalo hufanyika katika karibu kila mtumbwi niliopanda. Mbaya zaidi ni jaketi lililojazwa godoro chakavu na mshonaji wa mtaani, ambalo huelea kwa dakika chache kisha hulewa maji likawa mzigo. Lebo isiyotaja newtoni wala uzito wa mvaaji inatosha kutia shaka. Uhakika hupatikana kwa kuingia nalo ziwani hadi maji yafike kifuani, palipo salama na mbele ya mwenzako, kufunga mikanda yote, kulala chali na kuinua miguu: mdomo ukikaa juu bila wewe kufanya lolote kwa muda mrefu, jaketi hilo ni jaketi.

Aliyepinduka akiwa amelivaa ana kazi ndogo lakini ngumu, yaani kutulia. Mtumbwi wa mbao aghalabu huendelea kuelea hata ukijaa maji, nao huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, kwa hiyo kuuacha na kuogelea kuelekea taa za pwani ni kosa linalowaponza hata waogeleaji hodari, maana umbali juu ya maji hudanganya jicho. Magoti yakikunjwa kifuani na mikono ikibanwa mbavuni joto hukaa, na waliopo pamoja hukumbatiana wakiwaweka watoto katikati. Sauti ya mtu hukauka upesi. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi haikauki, na mitumbwi ya dagaa ikianza kurudi mialoni alfajiri, mashine zikiwa zimepunguzwa mwendo, hiyo ndiyo inayosikika kwanza.